Nilimshika Nesi Mikono

Mdogo wangu Carimo alikuwa fundi wa mashine za boti hapa Mocímboa da Praia, pwani ya kaskazini ya Msumbiji. Tulipokimbia vita alibeba kisanduku cha spana akaacha nguo, na tuliporudi yeye ndiye wa kwanza mtaani kufungua kazi. Alikuwa na miaka arobaini na moja, watoto wanne, na tumbo lililoanza kutokeza. Mashine ikikataa kuwaka, aliibembeleza kama mtoto.

Kila Idi pili waliooa hucheza mpira na wasiooa. Mwaka jana mwanangu Tarique alikuwa upande wa wasiooa, nami nilikaa pembeni, maana siwezi kutulia nyumbani akiwa uwanjani. Nilikuwa naangalia miguu yake tu, asije akavunjika. Carimo, aliyecheza na waliooa, sikumwangalia.

Vijana walimtania. "Mjomba, fimbo umeiacha wapi?"

"Oa kwanza," akajibu, "ndipo uje useme na mimi."

Mpira ulikuwa mbali, hakuna aliyemgusa. Carimo akaanguka kifudifudi. Walipomgeuza, macho yalikuwa wazi, haitiki. Kila baada ya muda alivuta pumzi moja nzito ya mkoromo, kisha kimya. Pumzi ile naijua. Niliisikia kwa mama yetu, na kwa baba. Kwetu, ukiisikia, mtu humsumbui tena: unamlaza kuelekea kibla, unamlowesha midomo, unamsomea shahada sikioni. Ndivyo nilivyofanya.

Esperança, nesi aliyehamishiwa kwetu kutoka Beira, alikuja mbio kutoka ng'ambo ya uwanja. Akapiga magoti, akaweka mikono katikati ya kifua, mmoja juu ya mwingine, viwiko vimenyooka, akakandamiza kwa nguvu na haraka haraka. Nikasikia ubavu ukilia. Nikamshika mikono yote miwili.

"Muache. Anakata roho, usimvunje."

"Mama, huko si kupumua. Moyo umesimama. Niachie."

Sikumwachia. Nilimshikilia huku nasoma, dakika tatu, labda nne, mpaka Tarique akaja akanibandua kwa nguvu. Esperança akaendelea. Alipochoka akamwonyesha Tarique, wakapokezana hivyo hadi gari likapatikana, na ndani ya gari pia. Carimo hakurudi.

Msibani walisema siku yake ilifika. Nami nilisema hivyo mbele za watu. Mwalimu wa madrasa, nilipomweleza nilivyomshika nesi, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia ningeweza kusoma huku nesi akikandamiza. Pale uwanjani jambo hilo halikunijia kabisa.

Baada ya arobaini nilimwendea Esperança nikamuuliza kama dakika zile zingemponya.

"Sijui, mama. Wengine hurudi, wengine hawarudi. Lakini kila dakika bila mikono, nafasi inapungua."

Hakunilaumu. Nikamwomba anifundishe, akanifundishia juu ya gunia la mchanga: kifua kishuke kina cha vidole vitatu, kisha nikiache kinyanyuke, wala nisisimame kwa sababu ya ubavu.

Zuleica, mke wa Carimo, alikuwa nyumbani akipika siku ile. Aliambiwa nesi alichelewa. Walioona wamenistahi, hawakumwambia ukweli, na Esperança hajajitetea. Wakikutana njiani Zuleica hamwitikii salamu. Mimi huniletea sahani ya chakula kila Ijumaa.

Nimeandika haya ili Zuleica awe wa kwanza kuyasoma. Nesi hakuchelewa. Ni mimi niliyemshika.