Umefiwa na Nani?

Nilifika Ijumbi asubuhi ya ukungu, nikinuka dagaa. Ndivyo ninavyokumbuka, na kama ni ndoto basi ni ndoto yangu, niachieni. Migomba ilikuwa inachomoza ukunguni mmoja mmoja, kahawa imechanua, na mvuvi aliyenivusha kutoka kisiwani alinishika mkono huku akiulizia njia. Mama alikuwa ametangulia. Baba akamfuata kabla mvua hazijakatika, kwa ugonjwa uleule ambao watu wa miaka ile waliutaja kwa kunong'ona. Alimwachia mvuvi agizo moja tu: mpeleke kwetu.

Kwetu ilikuwa nyumba iliyotandikwa nyasi mpya sakafuni, imejaa watu wa matanga. Habari za kifo cha baba zilikuwa zimetutangulia kufika. Walikuwa wanamlia yeye, na hawakujua kama mimi nipo duniani.

"Huyu ni mtoto wa marehemu," mvuvi akasema.

Wazee wakamgeukia shangazi, dada pekee wa baba, aliyekaa karibu na mlango. Ukoo mzima ulikuwa kichwani mwake. Ukimtajia babu yeyote, alikuteremshia majina mpaka mjukuu wa mwisho bila kumeza mate.

"Kaka yako alizaa nani?" wakamuuliza.

"Hakuzaa. Aliondoka hapa hana mke. Ya huko visiwani mimi nitayajuaje?"

Basi, jibu limetoka. Mzee mmoja akamweleza mvuvi, kwa upole, kwamba siku hizi watoto wanaletwa kila nyumba, waitu jamani, na kibanja cha migomba ni kilekile. Nikaelewa kwamba narudishwa ziwani, ambako sikuwa na mtu. Niliogopa mpaka masikio yakaziba.

Shangazi alikuwa bado ananitazama. Akanivuta mbele yake.

"Mimi sikujui, mtoto. Haya, wewe unamjua nani hapa?"

"Simjui mtu. Ila baba ana dada."

"Dada gani?"

"Yule ambaye baba alimbeba wakati wa vita." Nilikuwa nalia, lakini mdomo wangu huu haujawahi kunyamazishwa na machozi. "Mizinga ilipoanza kusikika Bukoba, walikimbia kutoka Rwamishenye. Dada akateguka mguu, baba akambeba mgongoni vilima vya mwisho. Dada alikuwa anampiga baba makofi ya kichwa, ati anamtikisa! Walipokaribia nyumbani akataka ashushwe, aingie kwa miguu yake, watu wasimcheke."

Kisha bibi mmoja akaangua kicheko katikati ya msiba. "Si ulituambia ulitembea mwenyewe, wewe?"

Shangazi alinipiga kofi dogo la kichwa, akanikumbatia, akalia kwa sauti ambayo hakuwa ameitoa tangu habari zifike. Nilikaa mapajani mwake mpaka ukungu ukaisha migombani, na sijui nililala au la.

Tangu hapo, kila penye msiba wazee walipouliza marehemu ameacha nani, yeye aliwapita, akaenda nyuma walikokaa watoto. Aliwainamia mmoja mmoja. "Wewe umefiwa na nani?" Na wale ambao baada ya kujibu hawakuwa na mtu wa kuwapokea, alirudi nao nyumbani. Tulilala kama ndizi kwenye mkungu, tukigombania blanketi.

Mwaka huu tumemzika, palepale kibanjani. Mzee wa kanisa alisoma wasifu wake vizuri, alikozaliwa, alikobatizwa, kwaya aliyoimbia. Halafu akafika mahali pa kusema marehemu hakujaliwa kuacha mtoto.

Nikasimama katikati ya ibada.

"Mzee, samahani. Hapo mmeuliza vibaya. Ulizeni, nani hapa amefiwa na mama?"

Nyuma yangu nilisikia mabenchi yakilia, na watu wazima wakisimama.