Kitanda cha Chini

Usinicheke. Haya yalinipata mimi mwenyewe, tena mchana, jua likiwaka juu ya ziwa, na sikuwa nimekunywa kitu.

Nilichaguliwa kukaa mwezi mmoja kwenye meli ya vijana wa nchi mbalimbali, hapa hapa Ziwa Kivu. Tulipandia Goma. Chumbani nilipewa kitanda cha chini, na Inès, binti wa Bujumbura, akapewa cha juu. Siku mbili sikupata usingizi. Sisi wa Mugunga tunajua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kutulia chini chini, na kuua mbuzi na watoto. Ilimchukua mdogo wangu Neema, wa miaka sita. Usiku ule kitandani nililala mimi. Yeye nilimtandikia mkeka.

Mazuku ndani ya meli? Najua, ni ujinga. Hata hivyo nilimwomba Inès tubadilishane, nikamdanganya kwamba kule chini napata kichefuchefu.

“Panda tu, dada,” akasema. “Mimi nalala popote.”

Siku ya nne kichefuchefu kikaja kweli. Wenzangu walikuwa juu kwenye mafundisho, mimi nimejilaza, nikasikia mtu anajigeuza kwenye kitanda cha chini.

“Yaya, na huku uko juu?”

Ilikuwa sauti ya Neema, niamini; ndiye aliyeniita yaya, dada yake mkubwa. Ungefanya nini? Nilichungulia. Mkono mdogo ulikuwa umeshika ukingo wa kitanda, ukiwa na kikuku cha shanga tulichomzika nacho.

“Shuka, yaya. Niko na baridi. Ukikatala, nitalala na huyu mwengine.”

Sikushuka. Nilijifunika uso mpaka kengele ya chakula ikalia.

Jioni Inès alirudi akiimba. Maneno nilikuwa nayo mdomoni, lakini ningemwambia, angetaka kitanda chake. Nikapanda juu kulala.

Asubuhi hakuamka. Daktari alisema ni moshi wa mashine ulioingia chumbani. Mbona mimi nilipona? Mama yake alikuja Goma kuuchukua mwili, akanishika mikono na kunishukuru kwa kuwa rafiki wa mtoto wake. Naona haya mpaka leo.

Siku hizi nalala chini, kwenye mkeka, namngoja Neema. Haji. Na wewe unayenisikiliza, ukimwomba mtu akupe nafasi yake, mwambie kwanza unakimbia nini.