Mgomba wa Mama Ndani ya Chungu cha Kioo

Dada yangu Vumilia hampi mtu mkono. Huku kwetu Burundi ukikutana na mtu atakushika mkono, atakukumbatia, atakuuliza habari za ng'ombe hata kama huna ng'ombe. Yeye anakupa kiwiko. Harusini kiwiko, msibani kiwiko, kanisani padri akisema tupeane amani, kiwiko. Ukimuuliza, anasema mikono yake ni ya kazi. Nimechoka kumtetea kwa majirani.

Kazi yenyewe ni hii. Katika maabara moja mjini Gitega, Vumilia anakuza seli za migomba. Si machipukizi, si miche. Ni chembe hai, ndogo kiasi kwamba huzioni mpaka zijikusanye ziwe kama chenga za unga. Anazilea katika chombo cha kioo chenye mipira ya kuingizia hewa iliyochujwa. Wenyewe wanakiita bioreakta. Mimi nakiita chungu, maana ndani kuna maji na sukari, kuna joto la kiasi, na kuna mwiko mdogo wa chuma unaokoroga taratibu bila kupumzika. Faida yake, anasema, ni kwamba ua moja la mgomba mzima laweza kutoa miche ya kujaza kilima. Hasara yake ni kwamba kijidudu kimoja kikiingia humo, kinaikuta sukari, kinazaana kupita seli zenyewe, na chungu kizima kinachacha. Ndiyo sababu ya kiwiko.

Haya, kila mtu na kazi yake. Ningenyamaza kama chungu kile kisingekuwa kimeshikilia ndoa yangu.

Mama yetu, Josefina, alifia kambini Ngara, Tanzania, tukiwa wadogo. Tulimzika hukohuko. Baba yetu, mzee Urbano, aliapa kwamba tanga la msiba wake litaondolewa nyumbani Muyinga, kwa pombe ya ndizi za migomba aliyoipanda mama mwenyewe kabla hatujakimbia. Amani ikaja. Malori yakatuvusha mpaka pale Kobero, baba akiwa na Biblia yake na kifundo cha kitambaa ambacho siku zote nilidhani ni ugoro.

Migomba tuliikuta. Lakini kwanza nyumba, kisha mashauri na watu waliokuwa wamekaa shambani petu, kisha shule ya Vumilia. Wenzake walimcheka kwa Kiswahili chake cha Tanzania na Kifaransa chake cha kuokoteza, naye akawafunga midomo kwa kuwapita wote mpaka chuo kikuu. Tulipopata pumzi ya kufikiria tanga, mnyauko ukaingia. Ugonjwa ule hauna dawa: majani yanageuka manjano, ndizi zinaoza kabla ya kuiva, na agizo ni kung'oa. Shamba la mama likabaki na shina moja zima. Vumilia akaja, akalipima, akakata ua lake, akaenda nalo Gitega. Shina lenyewe halikumaliza msimu. Kwa hiyo migomba ya mama ikawa haipo popote duniani isipokuwa chunguni mwa dada yangu.

Na nyumba yenye tanga haioi wala haiozeshi. Hiyo ni sheria ya baba, na baba hana rufaa.

Mchumba wangu, Dorcas, ni mtu wa Uvira, Kongo, anauza vitenge pale Nyamugari, mjini Gitega. Mwanzoni alinisikiliza kwa upole. Upole una mwisho.

“Mais Kastori, we unataka mi nizeeke?” aliniambia siku moja kwa Kiswahili cha kwao chenye Kifaransa ndani, mita ya kupimia vitambaa mkononi. “Ile mugomba iko mu chupa, iko naoga, iko nakula sukari, mi niko nangoja tu! Kwetu watu wanaoa na bière ya dukani, na Mungu anabariki.”

Nilipeleka malalamiko hayo kwa Vumilia, neno kwa neno. Hata hakugeuka kutoka kwenye kioo chake. “Haraka haraka haina baraka, kaka,” akasema. Mwambie hivyo mtu ambaye hajachumbia.

Hatimaye akanipigia simu kwa sauti ya furaha, jambo ambalo kwake ni nadra. Seli zilikuwa zimejaa vizuri. Wiki ileile angezihamisha zianze kuchipua. Kutoka hapo ni miche, kutoka miche ni shamba, kutoka shamba ni pombe, kutoka pombe ni Dorcas. Baba aliposikia, akataka kuja kuona. Nikamleta kutoka Muyinga na koti lake la Jumapili.

Tulinawa mpaka viwiko. Tukavalishwa makoti meupe. Baba hakulalamika hata kidogo, nami nilipaswa kujiuliza kwa nini. Vumilia akamweleza kila kitu kwa upole ambao mimi sijawahi kuuonja: hapa hewa inaingia, hapa inatoka, na huku juu, baba, kwenye kizibo hiki kidogo, ndipo ninapowaongezea chakula.

“Yeye ndiye huyo?” baba akauliza.

“Ni mgomba wake, baba.”

Umeme ukakatika. Mwiko ukasimama. Vumilia akatoka mbio kwenda kwenye jenereta, akipiga kelele niende kumsaidia kuivuta, kwa kuwa jenereta ile haiwaki ila kwa mabavu na matusi. Tulivuta kamba mpaka bega likaniuma, ikawaka. Tuliporudi, baba alikuwa amesimama palepale, mikono nyuma, ametulia.

Baada ya siku chache ile supu ya chunguni ikageuka kuwa na ukungu. Vumilia alipokifungua chungu kilinuka uchachu, na chini kabisa alikuta tope jekundu.

Alikuja nyumbani kwake, mtaa wa Yoba, ambako baba na mimi tulikuwa bado wageni, akakaa bila hata kuvua viatu. “Baba,” akasema, “uliweka nini?”

“Mama yenu,” baba akajibu. Akatoa kile kifundo cha kitambaa mfukoni, kikiwa kitupu. “Udongo wa kaburi lake. Nilitoka nao kambini. Mgomba ni wake. Niliona si haki ukue bila kuonana naye.”

Sikujizuia. Nilipiga kelele kwamba ameua, kwamba sukari, kwamba vijidudu, kwamba mimi nitaoa nikiwa na mkongojo. Nilitaja hata ugoro. Nilikuwa na hasira na baba, na jenereta, na sayansi, na kila mgomba uliowahi kuota. Vumilia, ambaye hufukuza mtu maabara kwa kupiga chafya tu, aliinama akaanza kuvua viatu.

Baba hakunitazama. Alimtazama yeye. “Mgomba umeukubali?” akauliza.

Dada yangu hajawahi kusema uongo juu ya seli zake, hata kwa mkubwa wake wa kazi. “Umeukubali, baba,” akasema. “Umeunywa wote.” Nikafungua mdomo; akanikanyaga mguu.

Utaratibu wa maabara ni kwamba kilichoharibika kinachemshwa kwa mvuke mkali mpaka kila kilicho hai ndani kife, ndipo kinamwagwa shimoni. Vumilia alikichemsha. Hakukimwaga. Alikitia katika ndoo yenye kifuniko, akaomba ruhusa, akaniwekea ndoo ile magotini kutoka Gitega hadi Muyinga, na kila kwenye kona alinikumbusha niishike vizuri.

Tulichimba pale lilipokuwa shina la mwisho. Baba alimimina mwenyewe, polepole, seli zilizokufa na udongo wa Ngara pamoja. Mama hakuwahi kuzikwa kwao. Siku ile nilielewa kwamba baba hakuwa akingoja pombe. Nililia, nasema wazi, huku bado nimekasirika.

Akasimama, akapangusa magoti. “Josefina amefika,” akasema. “Tanga limeondoka. Kastori, mwambie yule binti wa Uvira watu wake waje.”

“Na pombe ya ndizi za mama?” nikamuuliza. Miaka yote ile!

“Pombe ni pombe,” baba akasema, akaelekea nyumbani.

Nilibaki nimeshika ndoo tupu. Nikamgeukia Vumilia ili angalau mmoja wetu akasirike pamoja nami. Alikuwa na chupa moja ndogo ya seli zilezile aliyoiweka akiba kwenye rafu nyingine, hilo nililijua baadaye. Angeanza upya, na angechukua muda wake. Mikono yake ilikuwa na tope mpaka kwenye kucha. Akainyoosha yote miwili, akanishika.