Mchele Uliokwisha Chambuliwa

Dada yangu hakuajiriwa maisha yake yote, na sijaona mtu aliyefanya kazi kumzidi. Mama yetu alifariki mimi nikiwa bado mchanga, na yeye, binti ambaye hata kifua hakijaota, ndiye aliyenibeba mgongoni huku akipuliza moto. Alipoolewa na seremala alikuja na mimi ubavuni, kama bibi harusi mwingine anavyokuja na sanduku lake. Seremala hakunung'unika. Wakapata watoto wanne, na dada akatulea sote kwa kipimo kimoja, hata majirani wageni wakadhani mimi ndiye kifungua mimba wake.

Walikuwa na vyumba viwili na jiko la uani. Alfajiri ilianza kwa sala, kisha moto. Sare za shule alizianika zimegeuzwa ndani nje ili jua lisizipaushe. Seremala akirudi na vumbi la mbao nywelini, maji yalikwisha kutangulia bafuni. Dada alikula mwisho, amesimama, akikwangua sufuria. Na yeyote aliyekanyaga kizingiti chake aliulizwa "Umekula?" kabla ya salamu, mpaka mtaa mzima ukambandika jina hilo.

"Wewe Umekula," mshonaji wa nyumba ya pili alimtania siku moja, "siku yako ikifika, utamuuliza hata malaika kama amekula!"

"Akisema bado, atakaa chini nimpakulie," dada akajibu. "Roho yangu haitoki na mgeni ana njaa."

Mshonaji alicheka mpaka akajichoma sindano.

Seremala akafa. Watoto wakaoa na kuolewa, kila mmoja na mlango wake. Dada aliendelea kupika sufuria ile ile kubwa, na chakula kikaishia kwa mshonaji na mafundi wake. Kisha asubuhi moja sufuria ilimponyoka, maji ya moto yakamwagikia mguu. Mwanawe wa kwanza, afisa wa bima, alikuja mbio.

"Mama, basi. Umetutumikia vya kutosha. Sasa zamu yetu."

Akamchukua kwake, ghorofani. Sote tulimshukuru Mungu. Ni wazazi wangapi wanaopata mtoto wa namna hiyo?

Sitamsema vibaya mkamwana wake. Ana moyo mzuri. Lakini nyumba ile haikuwa na pa kutia mkono. Jiko liliwashwa kwa kuzungusha kitasa, nguo zilifuliwa na mashine, na yote mengine yalikuwa ya binti wa kazi. Dada akiinuka tu kitini, mkamwana alimwahi.

"Mama, kaa bwana! Unataka watu waseme tunakutesa?"

Dada akawa anakunja leso yake, anaikunjua, anaikunja tena. Mwishowe akaomba: "Nipeni basi hata mchele nichambue."

Wakampa ungo na mchele. Akakaa dirishani, miwani puani, akichambua kutwa. Nilipompigia simu, sauti yake ilikuwa imerudi. "Mdogo wangu, nina kazi! Nyumba hii inakula mchele kama kambi ya jeshi. Bila mimi wangevunjika meno." Nikalala usingizi mzuri.

Nilipokwenda kumtazama, nilikuta ungo umeegemezwa ukutani naye amelala, uso kaupa ukuta.

"Dada, unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona umeacha kazi yako?"

"Mchele ni ule ule," akasema. "Hauna kijiwe, hauna pumba. Nikaingiwa na shaka, nikachanganya harage moja mle ndani. Kesho yake harage langu likarudi. Nikaliacha. Likarudi tena. Wao wanapika mwingine, mdogo wangu. Huu ni wa kunichezesha, kama mtoto anavyopewa vifuniko ili mama yake apate nafasi."

Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo.

Nilimfuata mwanawe sebuleni, nikamweleza. Akashika kichwa.

"Mama mdogo, mchele wa dukani unakuja safi. Tungempa nini? Tulitaka afurahi na asichoke."

"Mrudishe kwake."

"Hata kesho nitamrudisha."

Na alikuwa anasema kweli. Alikwenda akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, twende nyumbani. Jiko lako lipo, hakuna aliyeligusa."

Dada alimpapasa kichwa kama zamani alipokuwa na homa. "Nikampikie nani, mwanangu?"

Mwanawe alinitazama, nami nikatazama chini. Sote tulikuwa na vyungu vyetu.

Tangu hapo hakula. Hakugoma, kijiko kilifika mdomoni na mdomo haukufunguka. Daktari alisema ni udhaifu tu wa uzee. Nilikaa naye nikisali kwa sauti. Mwanzoni aliitikia amina, baadaye midomo ilitikisika tu, baadaye hata hiyo ikatulia. Alikata roho asubuhi, chai ikichemka jikoni, kila mtu wa nyumba ile akijua la kufanya.

Mazikoni waliniambia kazi ya Mungu haina makosa. Nikasema amina. Mwanawe alinishika mkono kaburini, akanong'ona, "Mama mdogo, tulimpenda."

"Najua, mwanangu."

Na najua kweli. Ningempata wa kumlaumu ningemshtaki kwa Mungu, pengine moyo ungepoa. Simpati. Walimpenda, na kwa mapenzi yao wakamnyang'anya kila kitu. Sasa nikipiga magoti maneno hayaji. Nakaa hivyo mpaka magoti yananiuma, kisha nainuka.