Karatasi Niliyoificha Kwenye Baiskeli

Naikumbuka asubuhi moja mjini Muyinga, mwanangu, nilipoegemea ukuta nyuma ya soko huku nikiuma meno, machozi yakinilengalenga, kwa sababu ya kukojoa tu. Nilikuwa kijana mwenye nguvu zangu. Nilikuwa nimesukuma baiskeli yenye mikungu minne ya ndizi kutoka Mwakiro bila kupumzika, lakini haja ndogo ilinishinda. Na kwenye nguo ya ndani nilikuta usaha wa manjano. Usinikunjie uso. Sisi wazee tukiona haya kuyasema, ninyi vijana mtajifunza kama nilivyojifunza mimi.

Wakati huo tulikuwa tumerudi kutoka Tanzania, nilikokulia kambini, na nilikuwa nimemwoa Konsesa kanisani mbele ya kwaya niliyoiongoza mwenyewe. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Ugonjwa sikuutoa kwake. Niliutoa kwa mwanamke mmoja pale mjini, siku ambayo ndizi ziliisha mapema nikajiona mwanaume kamili. Yule mama simlaumu, pengine naye hakujua kama anao.

Nilikwenda kituo cha afya, nikapokewa na muuguzi mmoja mzee, Mwislamu, mtu mpole ambaye kofia haikutoka kichwani. Alinipima, akanichoma sindano, akaniambia jina la kitu chenyewe: kisonono. Akaniuliza kama nina mke. Nikasema ninaye, tena mjamzito. Hapo akaweka kalamu chini.

“Bon, sikiliza muzuri,” alisema. “We utapona. Lakini bibi yako pengine iko nayo na hasikii kitu. Wanawake wengi hawasikii. Asipopata dawa, mutoto anaweza kutoka na ugonjwa ku macho. Chukua hii karatasi ya bibi yako, nimeandika ugonjwa, umulete hapa hii wiki. Na musikutane mpaka niwaambie mumepona wote wawili.”

Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Njiani nikachomoa kiti cha baiskeli, nikaikunja ile karatasi na kuisukuma ndani ya bomba, nikarudisha kiti, nikakikalia hadi nyumbani.

Ningemwambia nini Konsesa? Kwamba kiongozi wa kwaya ameleta ugonjwa wa zinaa kitandani kwake? Siku chache baadaye maumivu yaliisha, nami nikajidanganya kwamba kwa kuwa nimepona mimi, nyumba nzima imepona. Siku za kujifungua zilipokaribia, mke wangu alitaka kwenda mjini. Nilikataa. Nilimwambia mama yangu amezalisha nusu ya wanawake wa kilima chetu, yeye ana nini cha ajabu? Ukweli ni kwamba nilimwogopa yule mzee wa kofia. Angeniona tu, angeuliza karatasi.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Tukamwita Irakoze, kumshukuru Mungu. Kwetu mzazi hukaa ndani na kichanga chake siku kadhaa, mpaka siku ya kumtoa nje mbele ya watu. Nyumba yetu ilikuwa na dirisha moja dogo, na mama alilifunika kwa kitambaa ili baridi isiingie. Siku ya tatu macho ya mtoto yalivimba, yakagandana kwa usaha. Mama alimdondoshea maziwa ya Konsesa. “Ni baridi tu,” alisema, “itaisha.”

Mimi nilisimama mlangoni. Mama hakujua, Konsesa hakujua. Mimi nilijua, mwanangu. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta wa nje na karatasi ndani yake, na sentensi moja tu ingetosha kututoa pale wote. Nikaenda kutafuta pombe ya ndizi ya wageni.

Siku ya nane alitolewa nje. Konsesa alifunua kitambaa juani, na wanawake waliokuwa wameanza vigelegele wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Mboni za mtoto zilikuwa zimetandwa na weupe. Niliwapakia kwenye baiskeli, Konsesa nyuma na mtoto kifuani, nikakanyaga hadi Muyinga. Yule mzee aliyafungua macho yale, akayasafisha, akampa mtoto sindano, akatuandikia kwenda hospitali. Kisha akanigeukia mbele ya mke wangu.

“Ile karatasi nilikupa, ulipeleka wapi?”

Nilichomoa kiti cha baiskeli palepale uani. Maandishi yalikuwa bado yanasomeka. Konsesa aliisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kitenge chake.

Dawa ziliua ugonjwa ndani ya siku chache tu, ndicho kinachoniuma hadi leo. Ulikuwa ugonjwa wa kupona. Lakini macho hayakurudi. Konsesa naye alitibiwa, ila hakushika mimba tena. Hakunipigia kelele wala hakurudi kwao. Alisema mara moja tu: “Siku mutoto atauliza, we ndio utamujibu. Mi sitamudanganya, na sitakusaidia.” Tuliishi miaka mingi tukila sahani moja, na neno hilo likiwa katikati yetu. Amefariki, na mtoto alikuwa hajauliza. Majirani tuliwaambia aliugua macho utotoni, basi.

Irakoze alikua, akajifunza kusuka vikapu vizuri kuliko wenye macho, akaolewa Bukirasazi, upande wa Gitega. Mwaka huu alijifungua kituo cha afya cha hukohuko, nami nikaenda badala ya mama yake. Muuguzi alikuwa binti mdogo mwenye adabu. Kwa kuwa mzazi haoni, alimweleza kila anachomfanyia mtoto.

“Sasa namupaka dawa ku macho, mama. Tunawapaka watoto wote.”

“Ya nini?”

“Kuna magonjwa mama anaweza kuwa nayo bila kujua, kama kisonono. Mutoto akiipata wakati wa kuzaliwa, inaweza kumuharibia macho. Donc tunakinga.”

Binti yangu akageuza uso mahali nilipokaa. Siku zote anajua nilipokaa.

“Baba, mi nilizaliwa wapi?”

“Nyumbani.”

“Kwa nini nyumbani?”

Nilimwambia yote, ndizi, yule mama wa mjini, karatasi, baiskeli. Muuguzi alitoka taratibu. Nilipomaliza, Irakoze alikaa na mtoto wake kifuani, akimpapasa nyusi kwa kidole kimoja.

“Mutazame, baba,” akasema. “Uniambie kama ananiangalia.”

Mtoto alikuwa amefumbua macho, meusi, yakimeta kwa dawa, ameyaelekeza usoni kwake. Nikasema anakuangalia. Nikalia. Hajaniambia kama amenisamehe, nami siulizi.

Kwa hiyo, mwanangu, ukisikia moto unapokojoa, au ukiona usaha, nenda kwa wauguzi siku hiyohiyo. Usimeze vidonge alivyobakiza jirani, na usidhani umepona kwa sababu hakuumi tena. Usipojua afya ya mwenzako, vaa kondomu. Nawe binti, usingoje maumivu ndipo upimwe, maana huenda yasije. Mjamzito ajifungulie kwenye kituo cha afya, na kichanga akitoa usaha machoni usingoje hata jioni ifike. Na ukipewa karatasi ya mwenzako, ifikishe, hata kama unaona haya. Atakasirika, pengine atakufukuza. Akufukuze basi, angali mzima, na mtoto wake mzima. Aibu niliyoikimbia mimi isingedumu hata kufika mavuno ya pili ya maharage.

Mungu akupe ulimi mwepesi siku utakapouhitaji. Akujalie watoto, uwatazame usoni, nao wakutazame.