Baba na Maji ya Ubatizo

Baba alibatizwa mara ya pili mwaka ule mama alipofariki. Mara ya kwanza ilikuwa zamani, akiwa kijana kwao Murang'a, kabla hajaja Nairobi kufanya kazi ya reli. Sasa alikuwa amestaafu, na tulibaki wawili katika nyumba yetu ya kanjo, ya kupanga kwa baraza la jiji, kule Bahati. Mimi nilifanya kazi katika kiwanda cha biskuti, Industrial Area, nikisimama mbele ya tanuri kutwa nzima.

Mara hiyo ya pili walimzamisha kwenye tangi la saruji nyuma ya kanisa moja dogo karibu na Majengo. Alirudi ametulia, akala ugali akaumaliza. Nikashukuru. Lakini haukupita muda mrefu, asubuhi moja nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, hajalala.

"Mama," akaniambia. Aliniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Yule aliyenibatiza alikuwa na haraka. Sina hakika maji yalifika kichwani."

"Baba, ulilowa mpaka soksi."

"Wewe hukuwa ndani ya maji."

Akawafuata watu wa kanisa jingine, wale wa kanzu nyeupe wanaobatiza mtoni. Nilisimama ukingoni na taulo, harufu ya mto ikinipanda kichwani, nikamwangalia baba yangu akiinuliwa kutoka kwenye maji meusi huku watu wakiimba. Alipata amani ya siku chache na kikohozi cha miezi. Nilimpeleka kliniki. Daktari akampa dawa ya kifua, akasema wazee wanahitaji kupumzika, basi. Majirani walishaanza kucheka wakituona tukipita.

Kisha akasikia habari za mhubiri wa Kariobangi anayebatiza, akataka twende Jumapili. Jumapili hiyo nilikuwa na nguo za wiki nzima kwenye karai, na mgongo ulikuwa unaniwaka.

"Leo siendi," nikamwambia. "Nimechoka, baba. Kwani Mungu hajakuona bado?"

Alivuta kigoda akaketi kando ya karai. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Mama yako alikuwa mtu wa kanisa kweli. Mimi nilibatizwa ili niingie shule ya misheni. Nikifika huko mbinguni niambiwe simo, atanisubiri bure."

Niliacha nguo. Miezi yote ile nilidhani anaogopa moto.

Sikujua la kufanya, kwa hiyo nilimwendea mchungaji wa kanisa la mama, aliyemzika. Alikuwa mzee naye, mtu wa Magharibi mwa Kenya, mwenye Kiswahili cha taratibu. Akakubali kuja. Nilibadilishana zamu na mwenzangu ili niwepo. Hata chai haijamiminwa, baba akaanza:

"Mchungaji, nibatize. Wewe ulimzika mke wangu. Maji yako atayajua."

"Siwezi, mzee. Ulishabatizwa."

"Sikuwa na imani."

"Na leo?"

"Leo nina hofu."

"Hata mimi ninayo," mchungaji akasema. "Mke wangu pia ametangulia. Kuna asubuhi nasoma sala mbele ya watu wote wale na sisikii kitu moyoni."

Baba alimkazia macho. Sidhani kama alikuwa amewahi kusikia mchungaji akisema hivyo. Mimi sikuwa nimewahi.

"Sasa huwa unafanyaje?"

"Naendelea kusoma. Nikimaliza, nakunywa chai."

Baba akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikaishia kwenye kikohozi, lakini tangu mazishi sikuwa nimekisikia.

Tangu siku hiyo mchungaji akawa anapita kwetu baada ya kutembelea wagonjwa. Hawakuomba sana. Walibishana kuhusu treni za Kisumu, ipi ilikuwa ikichelewa na kwa nini, wakazungumza juu ya wake zao kama watu waliosafiri kidogo. Baba akaanza kwenda kanisani, akakaa upande wa wanawake, mahali pa mama. Mzee mmoja wa kanisa alitaka kumhamisha. Akina mama wakamwambia amwache.

Hofu yenyewe haikuisha. Kuna siku alikuwa akiamka nayo, akija mlangoni nikifunga vifungo vya ovaroli kuwahi zamu. "Mama, unafikiri nimo?"

"Umo, baba."

Nilijibu hivyo miaka mingi. Mara nyingine nilijibu kwa upendo, mara nyingine ili nipite. Kama ni uhakika, sikuwa nao, wala sikuwa na nguvu za kuutafuta.

Alifariki wakati wa mvua za masika, kwa kile kile kifua. Nyumba ilipojaa waombolezaji, dada mmoja wa kanisani aliniuliza kama baba alikufa akiwa na amani. Nilimwambia kwamba siku nyingi alikuwa anapata usingizi, na kwamba alikuwa na rafiki.