Sauti ya Mchinjaji wa Burma

Nthoki alimwogopa mchinjaji wa soko la nyama la Burma tangu siku aliposikia sauti aliyowabembelezea mbuzi: laini, ya mlezi, isiyobadilika hata kisu kikisha kupita shingoni. Mikono yake haikutetemeka kamwe, na penye matanga aliwatazama wafiwa mmoja mmoja kama mtu achaguaye mbuzi mnadani. Asubuhi moja ya masika, mwaka wa 1979, Ndindi, binti yake Nthoki wa miaka minne, alitumbukia katika shimo la majitaka lisilo na kifuniko. Wanaume wa mtaa wa Kaloleni walisimama ukingoni, kila mmoja akimtegea mwenziwe. “Nani aingie humo afe bure?” aliuliza mmoja. Mchinjaji alikunja aproni yake pembe kwa pembe, akashuka. Kutoka gizani ikapanda sauti ile ile, ikimbembeleza mtoto: “Tulia, mama. Tulia tu.” Nthoki akaziba masikio.

Mchinjaji alipoibuka na mtoto mzima, umati ulilipuka: “Huyu ndiye dume!” Yeye alimwinamia Nthoki, akayachunguza machozi yake. “Ulipodhani amekufa, mama Ndindi, ulihisi vipi hasa?” Nthoki alinyoosha mikono ampokee bintiye. Ndindi akazidi kumkumbatia mchinjaji shingoni, akakataa kushuka.